Sura Saba za Bibi

Disketi zilikuwa nne, ndani ya kopo la biskuti, chini ya kadi za kliniki, picha za pasipoti na barua moja ya zamani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Shangazi alizitoa moja moja, akazipanga juu ya mkeka kama mtu anayegawa karata, kisha akanisogezea.

"Wewe ndiye mwenye kompyuta," akasema. "Humo ndani mama yangu anazungumza. Nataka kumsikia."

Nilisomea historia, si kompyuta. Lakini katika ukoo wetu anayemiliki laptop ni mhandisi, na nilikwisha zoea kuitwa pale simu ya mtu inapogoma. Nikazichukua.

Habari ya disketi zile niliijua tangu utotoni. Mwaka 1990 marehemu baba, aliyekuwa mwalimu, alitumia likizo nzima kukaa na bibi na kumwuliza maisha yake. Aliandika kwa mkono katika madaftari, kisha akayachapa kwenye kompyuta ya ofisi. Bibi akafariki mwaka 1992. Madaftari yakaliwa na mchwa. Baba naye alipofariki, kilichobaki cha mazungumzo yale ni kopo la biskuti.

Ingekuwa ni hamu ya kumbukumbu tu, labda ningelichukua jambo lile polepole. Lakini baba mdogo alikuwa ameanza kukusanya michango. Alitaka twende Rufiji kulijengea kaburi la baba yake bibi, lililobaki bondeni. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bonde la mto kwenda kwenye vijiji vipya vya miinuko, katika ile iliyoitwa Operesheni Rufiji. Nyumba zikaachwa, miembe ikaachwa, na waliolala chini ya miembe wakaachwa pia. Waliojua nani amelala wapi walikuwa wazee, na kwetu mzee wa mwisho aliyejua alikuwa bibi. Mafundi walikwisha ulizwa bei ya saruji, lakini mahali pa kuimwaga hapakujulikana kwa hakika.

Fundi mmoja wa Kariakoo alikuwa na kifaa cha kusomea disketi, cha kuchomeka kwa USB. Disketi tatu zilisomeka. Ya nne ilikwaruza, ikanyamaza, na hadi leo imenyamaza. Nilirudi nyumbani na flashi yenye faili saba:

UTOTO.SUR, MTO.SUR, NDOA.SUR, GHARIKA.SUR, MAKABURI.SUR, MAHOJIAN.SUR, DIBAJI.SUR.

Nikabofya ya MAKABURI. Kompyuta ikaniuliza nataka kuifungua kwa programu gani.

Swali hilo kila mtu amekutana nalo, na wengi wetu hulijibu kama nilivyolijibu mimi: kwa kwenda mtandaoni na kuandika herufi tatu za mwisho. Tovuti ya kwanza ilinijibu kwa uhakika mkubwa na kunipa programu ya kupakua, "inayofungua kila aina ya faili". Niliipakua. Haikufungua chochote. Iliniambia faili zangu zimeharibika na kwamba nikilipa itazitengeneza, kisha ikanijazia matangazo kila nilipoingia mtandaoni. Ilinichukua jioni mbili kuing'oa. Tovuti ya pili ilitaka nipandishe faili kwake izigeuze kuwa PDF. Hapo nikasita. Sikujua tovuti ile ni ya nani wala inahifadhi nini, na nilikuwa karibu kumkabidhi bibi yangu kwa watu nisiowajua, eti wanieleze amesema nini.

Nikafunga mtandao, nikajiuliza swali la mwanafunzi wa historia: hizi herufi tatu zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye uhaba. Mwaka 1974 Mmarekani Gary Kildall aliandika mfumo endeshi ulioitwa CP/M, kwa ajili ya kompyuta ndogo zilizokuwa ndiyo kwanza zinaanza. Kumbukumbu ya mashine zile ilikuwa finyu na ghali, kwa hiyo jina la faili lilipewa nafasi nane, kisha nafasi tatu nyingine za kutaja aina yake. Desturi hiyo Kildall aliikuta kwenye mashine kubwa zaidi za kampuni ya DEC. IBM ilipoleta kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981, DOS ya Microsoft iliyokwenda nayo ilirithi hesabu ile ile: nane na tatu. Watumiaji wa kawaida wa Windows walisubiri hadi 1995 ndipo wakaruhusiwa majina marefu. Ndiyo maana MAKABURI, lenye herufi nane kamili, lilimwenea baba, na mahojiano yakapoteza "o" yao.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba herufi tatu zile ni sehemu ya jina tu. Hazimo ndani ya faili. Chukua wimbo, ubadilishe jina lake uuite picha.jpg, ndani hakuna kilichobadilika. Ni sawa na kubandika lebo ya chumvi kwenye kopo la sukari. Windows ina orodha inayosema mkia huu ni wa programu hii, na mkia ule ni wa ile. Unapobofya, inasoma lebo, inatazama orodha, inaita programu. Haijaonja kilichomo.

Lebo imewahi kuwaponza wengi. Mwezi wa Mei 2000, barua pepe yenye kichwa cha mapenzi ilianzia Ufilipino na kuenea duniani kwa saa chache. Ilibeba faili iliyoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ya wakati ule, kwa kutaka kumrahisishia mtu mambo, ilikuwa inaficha mikia inayoijua. Kwa hiyo watu waliona TXT, yaani maandishi yasiyo na madhara, na hawakuiona vbs iliyofuata, yaani programu. Wakabofya barua ya mapenzi, nayo ikafuta na kuharibu mafaili yao, kisha ikajituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha ya anwani zao. Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa.

SUR yangu haikuwa hatari, ila ilikuwa ya baba peke yake. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba programu aliyoitumia ilimwachia mtu achague mkia anaoutaka. Baba alikuwa anaandika kitabu, kwa hiyo kila faili aliiita sura. Tovuti iliyonijibu kwa uhakika ilikuwa inanieleza habari za lebo ambayo mwalimu mmoja wa Tanzania aliitunga mwenyewe.

Ipo njia nyingine, nayo ni kuiuliza faili yenyewe. Faili nyingi hujitambulisha kwa baiti zake za mwanzo. PDF yoyote huanza na alama ya asilimia na herufi PDF. Picha za GIF huanza na neno GIF lenyewe. Faili za zip, zilizoanza 1989, huanza na PK, herufi za mwanzo za jina la Phil Katz aliyezibuni. Na kwa kuwa docx ya leo kwa kweli ni furushi la zip, nayo huanza na PK. Ukiwa na docx inayokataa kufunguka, ibadilishe mkia iwe zip, ufungue furushi, na mara nyingi utayakuta maandishi yako ndani yamekaa salama. Wahandisi wa Unix katika maabara ya Bell walikuwa na amri ya kupekua mambo haya tangu 1973; inaitwa file tu. Ian Darwin aliiandika upya miaka ya 80 ili kila mtu aweze kuitumia bure, na hadi sasa imo katika Linux nyingi na Mac. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza nayo ina daftari la aina za mafaili liitwalo PRONOM, na programu ya bure, DROID, inayolitumia daftari hilo kutambua faili.

Niliandika amri ile, nikaipa MAKABURI. Jibu lilikuwa neno moja: data. Maana yake, kuna kitu humu, lakini hakijajitaja.

Basi nikafanya nililopaswa kulifanya mwanzo. Nikanakili faili zote saba mahali pengine ili zile za asili zisiguswe, nikaifungua moja ya nakala kwa programu nyepesi kuliko zote, ile ya kuandikia maandishi matupu. Haidai kujua chochote. Inakuonyesha baiti kama zilivyo. Nilitegemea takataka. Nikaona hivi:

Mimé nilizaliwá kablá yá mvuá kubwá, watõ wá mtï...

Niliitazama kwa muda kabla sijagundua kwamba naisoma. Kilikuwa Kiswahili. Kila neno lilikuwa zima isipokuwa herufi yake ya mwisho, na kwa sababu maneno yetu huishia na irabu, ni irabu zote za mwisho zilizoingiwa na kitu: a imekuwa á, i imekuwa é, o imekuwa ï, u imekuwa õ. Kama ni bibi aliyekuwa akiongea, alikuwa akiongea kwa lafudhi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuwa nayo.

Lafudhi hiyo inajulikana kwa waliokuwa wakiandika kwenye kompyuta miaka ya 80. Ni ya WordStar.

WordStar ilitoka 1978, ikiuzwa na kampuni ya Seymour Rubinstein iitwayo MicroPro, na aliyeiandika ni Rob Barnaby. Ilianza kwenye CP/M ya Kildall, ikahamia DOS, na kwa miaka kadhaa ndiyo iliyokuwa programu ya kuchapia iliyotamba kuliko zote, hadi WordPerfect ilipoipiku, na Word ikaja kuwapiku wote wawili. George R. R. Martin alieleza mwaka 2014 kwamba bado anaandikia riwaya zake kwenye WordStar 4, katika kompyuta ya DOS isiyounganishwa na intaneti.

Siri ya irabu zangu iko kwenye kiti kimoja kilichokuwa wazi. Mwaka 1963 Wamarekani walikubaliana juu ya orodha ya ASCII, inayoipa kila herufi namba. Orodha ile ina namba 128, na namba 128 zinaenea katika biti saba. Lakini kompyuta zilikuja kuzoea kubeba biti nane kwa safari moja. Kwa hiyo kila herufi iliposafiri, kiti cha nane kilikwenda kitupu. WordStar ilikipakia abiria. Katika herufi ya mwisho ya kila neno iliiwasha biti ya nane, kama alama kwake yenyewe kwamba neno linaishia hapa. Alama hiyo ilisaidia kupanga mistari. Kuwasha biti ya nane ni kuongeza 128. Herufi a ni 97. Ongeza 128 unapata 225. Na 225 katika orodha za baadaye zilizotumika Ulaya Magharibi ni á. WordStar ilipojisomea yenyewe ilijua kuiondoa. Programu nyingine, isiyojua mapatano hayo, inasoma 225 na kukuonyesha 225. Faili haikuwa imeharibika hata kidogo. Kilichopotea ni mapatano.

Labda utajiuliza kwa nini mwalimu wa Tanzania alikuwa akichapia programu ya 1978 katika mwaka 1990. Kompyuta ya kwanza nchini ilifika 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya hasara na usumbufu, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta. Marufuku ile ilikuja kulegezwa baadaye, na mashine zikaanza kuingia kidogo kidogo, nyingi zikiwa na miradi ya wafadhili, baadhi zikiwa zimekwisha tumika kwingine. Mashine ilikuja na programu zilizokuwa ndani yake. Baba hakuichagua WordStar, aliikuta. Ofisini kwao kulikuwa na kompyuta moja na foleni ya watu, na yeye alisubiri jioni, watu wakishaondoka.

Sasa kwa kuwa nilijua ugonjwa, dawa ilikuwa rahisi. Rafiki yangu aliniandikia programu ya mistari minne: soma kila baiti, ikizidi 127, toa 128, alama zisizo herufi, zitupe, andika upya. Tukaiendesha. Irabu zikarudi mahali pake, maneno yakanyooka. Nilichapisha kurasa zote na kumpelekea shangazi usiku ule ule.

Alisoma kwa sauti, miwani ikiwa puani, hadi mafuta ya taa yalipokatika katika hadithi na akacheka kwa kitu alichokuwa amekisahau. Alipofika sura ya makaburi alipunguza mwendo. "Mwembe wa baba ulikuwa nyuma ya nyumba, upande wa mto. Kaburi lake liko hapo hapo chini ya mwembe."

Baba mdogo alipigiwa simu. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha: mwembe upo, wavuvi wanaujua, saruji inunuliwe.

Shangazi ndiye aliyerudi kusoma dibaji, ambayo mimi niliiruka kama ninavyoruka dibaji zote. Ilikuwa ya baba, fupi. Alimshukuru mama yake, akaomba radhi kwa makosa, kisha akaandika: "Niliyoyapigia mstari ndiyo aliyoyatamka mama kwa kinywa chake. Yasiyo na mstari ni maelezo yangu, au niliyoyasikia kwa wengine, nimeyaweka ili habari ieleweke."

Akanigeuzia karatasi. "Mistari iko wapi?"

Haikuwapo. Katika kurasa nilizompa hapakuwa na mstari hata mmoja. Nikakumbuka agizo nililompa rafiki yangu mwenyewe: alama zisizo herufi, zitupe.

"Mwanangu," shangazi akasema, na hakupaza sauti, "umenichanganyia mama yangu na kaka yangu."

Mwaka 1986 BBC ilitengeneza mradi wa kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, lile daftari la ardhi na mali ambalo mfalme wa Uingereza aliliagiza akaandikiwa mwaka 1086. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wanafunzi, walichangia picha na maelezo ya maisha yao. Yote yakawekwa kwenye diski kubwa za leza, zinazosomwa kwa mashine maalumu na kompyuta maalumu ya BBC. Haikupita hata miaka 20, mashine zile zikaadimika na watu wakaanza kuhofu kwamba kazi imepotea. Daftari la 1086 lilikuwa bado linasomeka kwa yeyote ajuaye Kilatini na mwandiko wa zama zile. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha njia ya kuuokoa mradi ule: waliandika programu inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ile ya zamani, ili diski zionekane kama zilivyoonekana mwanzo.

Tukio hilo hutajwa sana na watu wa nyaraka kwa sababu linaonyesha kwamba mwenye faili ngeni ana njia mbili. Ya kwanza ni kuihamisha: unatoa kilichomo na kukiandika upya kwa namna ya leo. Ni njia ya haraka, na matokeo yake yanasomeka popote. Lakini anayehamisha nyumba ndiye anayeamua kipi ni mali na kipi ni taka, na huamua akiwa hajui. Ya pili ni kuiga: unaiacha faili ilivyo, na kuizungushia mazingira iliyozaliwa ndani yake, programu ile ile juu ya kompyuta ya kuigiza. Njia hii ni ya taabu, na haimfai anayetaka kutuma ukurasa kwa WhatsApp. Lakini haikuamulii.

Mimi nilichagua ya kwanza bila kujua kwamba nimechagua. Nilidhani nafungua tu.

DOSBox ni programu ya bure iliyoanza 2002, inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya kompyuta ya sasa. Wengi huitumia kwa michezo ya zamani. WordStar yenyewe niliipata kwa fadhila ya mwandishi wa riwaya wa Kanada, Robert J. Sawyer, ambaye mwaka 2024 alikusanya toleo la 7 pamoja na miongozo yake na kuviweka hadharani, kwa kuwa hakukuwa tena na kampuni inayoiuza. Toleo hilo linasoma faili za matoleo yaliyolitangulia. Nikafuata maelekezo, skrini ikawa ya kizamani, herufi nene zisizo na mapambo. Nikaifungua nakala ya MAKABURI.SUR, nikaiagiza ionyeshe alama zake zilizofichwa.

Ilionekana hivi:

^SMwembe wa baba ulikuwa nyuma ya nyumba, upande wa mto.^S Kaburi lake liko hapo hapo chini ya mwembe.

Ile ^S ni baiti namba 19. Haina umbo la herufi. Ya kwanza humwambia mchapishaji aanze kupiga mstari, na inayofuata humwambia aache. Bibi alisema mwembe. Kaburi aliliweka baba.

Nilipitia sura nzima hivyo, kisha nyingine sita. Kwenye GHARIKA karibu kila kitu kilikuwa cha bibi, kurasa na kurasa za mstari, maji yakiingia usiku na kuku wakipandishwa darini. Kwenye NDOA baba alimjazia mama yake mengi, pengine kwa haya. Na kuhusu mahali alipozikwa baba yake, bibi alikuwa amesema sentensi moja tu yenye mstari, mbali kabisa na ile ya mwembe: "Siku tuliyomzika maji yalikuwa bado hayajashuka, tukampeleka juu."

Juu wapi, hakusema. Au alisema, na neno hilo liko kwenye disketi ya nne.

Nilimwonyesha shangazi kwenye skrini. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata. "Basi mama hakusema kaburi liko pale," akasema. Baadaye akaongeza, "Na kaka hakudanganya. Aliandika kabisa kwamba haya ni yake." Lilimtuliza jambo hilo kuliko nilivyotegemea. Saruji haikununuliwa. Baba mdogo alinung'unika, kisha akakubali twende kwanza kuwauliza wazee wa kijiji cha juu, na dua isomwe tutakapofika, popote pale.

Katika siku hizo hizo nilimpelekea shekhe wa mtaani ile barua ya kwenye kopo. Aliiandika baba yake bibi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na ni kongwe kuliko kompyuta zote za nchi hii. Shekhe aliisoma akiwa amesimama. Ilikuwa habari ya mtumbwi na deni la mpunga. Alikwama mara moja, kwa sababu hati ile ina alama tatu tu za irabu na sisi tuna tano, akapima kama ni "e" au "i", akaamua kwa maana ya sentensi, akaendelea. Mapatano yake yanafundishwa mpaka leo katika madrasa, na hayana mwenyewe. Ya WordStar yalikuwa ya kampuni, na kampuni ilipokwisha, wachache walioyajua waliyatunza kwa mapenzi tu.

Hilo limenibadilisha namna ninavyohifadhi kuliko namna ninavyofungua. Zipo aina za faili ambazo kanuni zake zimechapishwa kwa kila mtu. PDF, iliyoanza 1993 mikononi mwa Adobe, ilikuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. ODF, inayotumiwa na LibreOffice, ilikubaliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006, na docx ikafuata 2008. LibreOffice imetokana na OpenOffice, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaitwa Jambo OpenOffice. Wakati ule nilidhani jambo kubwa ni zile menyu za Kiswahili. Sasa naona la maana zaidi lilikuwa chini yake: programu ambayo yeyote anaweza kuisoma ilivyoandikwa, na faili ambazo yeyote anaweza kuandika programu ya kuzifungua.

Kwa sasa sura saba ziko mahali patatu. Kila mahali kuna faili za baba kama zilivyotoka kwenye disketi, hazijaguswa, na mkia wake wa SUR. Kuna PDF ambayo mistari imerudishwa, neno kwa neno, kwa kulinganisha na skrini ya WordStar. Kuna maandishi matupu, ambayo kila kipande cha bibi kimewekewa "BIBI:" mbele na kila cha baba "BABA:", ili hata mstari ukipotea tena wasichanganyike. Na kuna ukurasa mmoja unaoeleza faili hizi ni za programu gani, biti ya nane ilifanya nini, na baiti namba 19 maana yake nini. Ukurasa huo nimeuchapisha kwenye karatasi pia.

Karatasi shangazi ameikunja na kuitia kwenye kopo la biskuti, pamoja na ile disketi ya nne. Alinikataza kuitupa. "Huenda siku moja akapatikana wa kuisoma," alisema, akabana kifuniko.